Inveta kwenye Haisi ya kulala, mambo yote yako kwenye swichi

Kila nikipaki hii Haisi mahali, watu wakishamaliza kushangaa kitanda na jiko swali linalofuata ni lile lile, inveta (kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) wati ngapi? Nikijibu wati elfu moja naona mtu kama kanionea huruma hivi, maana yeye kaona Kariakoo ya wati elfu tatu inauzwa bei ndogo kuliko yangu. Sasa badala ya kurudia maelezo kila nikisimama nimeona niyaandike hapa, na niseme mapema kabisa kwamba wati siyo swali la kwanza. La kwanza ni hiyo inveta utaiwasha vipi, utaizima vipi, na siku ukichomeka umeme wa nje nini kitatokea. Swichi jamani. Hapo ndo chaji inapookolewa na hapo hapo ndo vitu vinapoungulia.

Mfumo wenyewe ni wa kawaida. Betri ziko mbili, ile ya kuwashia injini haiguswi, iache na gari yake. Ya pili ndo ya nyumba, yangu ni lithiamu ile ya fosfeti, volti 12 Ah 100 (ampia-saa, yaani ukubwa wa betri), inachajiwa na sola ya wati 200 juu ya paa, injini ikitembea kuna chaja ya DC kwenda DC inayovuta kutoka kwenye alternata, na nikipata soketi ya mtu kuna chaja ya kawaida ya volti 230. Taa, feni, pampu ya maji, friji na chaji za simu zote zinakula 12 moja kwa moja bila kupitia inveta, na nasisitiza hapo kwa sababu nimeona magari ya watu yamefungwa friji ya nyumbani ya 230 alafu inveta haizimwi mchana wala usiku kisa friji. Inveta kugeuza tu hiyo 12 kuwa 230 inapoteza kama asilimia 10 mpaka 15, kwa hiyo chochote chenye njia ya 12 kipite kwenye 12. Kwangu inveta ni ya laptop, blenda, mashine ya kunyolea na drili basi.

Sasa hesabu ambayo watu wengi haiwaingii mpaka waione kwenye mita. Chukua klampu mita, lakini iwe ile inayosoma DC maana nyingi za bei rahisi zinasoma AC tu, washa inveta bila kuchomeka kitu chochote, pima waya wa betri. Yangu inakula kama ampia moja hivi, yaani wati 12, kwa kazi ya kukaa tu na kutoa taa ya kijani. Masaa kumi ya usiku hizo ni Wh 120 (wati mara masaa). Kuchemsha lita moja ya maji kutoka nyuzi 25 mpaka 100 kunataka Wh 87 kwenye makaratasi, ukiongeza joto linalopotea kwenye birika na kwenye inveta yenyewe unafika kama 115. Umeelewa lakini? Inveta iliyoachwa imewaka usiku kucha bila kazi imekunywa chupa nzima ya chai na wewe hujaonja hata kidogo. Ukiiacha siku nzima ni Ah 24, robo ya betri yangu imeenda, na kama yako ni ya asidi ambayo hutakiwi kushuka chini ya nusu basi ni nusu ya kila ulichonacho.

Na kwa nini watu wanaiacha imewaka? Kwa sababu kitufe kiko kwenye inveta, na inveta iko chini ya kitanda nyuma ya masanduku. Nani ataamka saa sita usiku atoe godoro. Kwa hiyo kitu cha kwanza nilichomwambia fundi wangu wa Gerezani, Dar, hata kabla hatujagusa waya ni kwamba nataka swichi ya kuwashia inveta iwe pembeni ya mlango, yenye taa, nikilala niione kama imewaka.

Hapa lazima uangalie inveta yako ni ya namna gani. Kuna zenye tundu kama la waya wa simu ya mezani, zinakuja na swichi yake yenye waya wa mita kadhaa, unachomeka unamaliza. Kuna kama Victron Phoenix, hizo zina plagi ndogo ya pini mbili iliyounganishwa na kiwaya kifupi, unatoa kile kiwaya unaweka waya mwembamba mpaka kwenye swichi yoyote ndogo, na zina mtindo wa kulala pia ambapo inveta inajizima yenyewe na kuchungulia kila baada ya muda kama kuna mzigo. Uzuri wa njia zote hizi ni kwamba kwenye swichi yako ya mlangoni inapita amri tu, umeme wa kidogo sana, waya wa spika unatosha. Mtu anayetaka inveta iwake na ufunguo wa gari afanye hapo hapo, relei ndogo ya kawaida ya gari, koili inapata umeme wa ufunguo na miguu ya 30 na 87 inafunga ule waya wa amri. Asijaribu kupitisha umeme wenyewe wa inveta kwenye ile relei, imeandikwa ampia 30 au 40 na wewe unavuta 95.

Alafu kuna zile zenye kitufe cha mbele peke yake, ambazo ndo nyingi sokoni. Mafundi wengi watakwambia weka swichi kubwa kwenye waya mnene wa betri, ile nyekundu ya kuzungusha, ukizima umezima kila kitu. Hiyo swichi kubwa iwepo ndiyo, lakini ni ya dharura na ya kufanyia matengenezo, siyo ya kuwasha na kuzima kila jioni. Ndani ya inveta kuna kapasita kubwa, zikiwa tupu na ukaziunganisha ghafla kwenye betri zinavuta umeme mwingi mno kwa sekunde kidogo sana, ndo ile cheche na mlio wa "pa!" unaousikia. Kila cheche inakula uso wa swichi kidogo kidogo, na ukiwa na lithiamu BMS, ile saketi ya ulinzi iliyo ndani ya betri, inaweza kudhani kuna shoti ikakata betri nzima, unabaki gizani unatafuta tochi. Dawa yake ni kuzijaza kapasita taratibu kabla ya kufunga swichi. Mimi natumia balbu ya indiketa ya wati 21, nagusisha waya wake mmoja upande huu wa swichi na mwingine upande ule inveta ikiwa imezimwa, balbu inawaka alafu inafifia, ikishafifia kapasita zimejaa, nafunga swichi kimya kabisa. Wenye rezista ya ohm 25 au 50 yenye mwili mkubwa wafanye vile vile ila wasubiri sekunde kadhaa zaidi.

Kuna fundi pia atakwambia tufungue inveta tulehemu waya kwenye kitufe tukitoe nje. Inawezekana na nimeona imefanyika vizuri tu, ila kumbuka ndani mle kuna upande wenye volti zaidi ya 300 za DC zinazobaki kwenye kapasita hata baada ya kuchomoa, kwa hiyo kama fundi anafungua huku anavuta sigara na kuongea na simu we mwambie tu asante mzee wangu, tutaonana.

Kuhusu waya sitaenda mbali sana, ila elewa hili moja. Wati 1000 kwenye 230 ni ampia 4 na kidogo, lakini kwenye 12 ni kama 95 ukihesabu na upotevu. Kwa hiyo inveta ikae karibu na betri, urefu uongezwe upande wa 230. Mfano, ukiweka inveta mita 4 kutoka kwenye betri kwa waya wa milimita 16 za mraba, kwenda na kurudi ni mita 8, unapoteza volti 0.8 njiani, na betri ya asidi ikiwa imechoka kidogo inveta itaanza kupiga kelele kwamba chaji imeisha wakati chaji ipo. Ukiiweka mita moja kwa waya wa milimita 35 unapoteza chini ya 0.1. Na zile mita 4 ukizihamishia upande wa 230 kwa waya wa 2.5 unapoteza robo ya volti kwenye 230, yaani hakuna kitu. Waya wa welding unafaa sana, ni laini na unapinda vizuri, lakini kwaruza nyuzi zake kwa kisu kwanza, ukiona ndani kuna weupe hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, inapitisha vibaya zaidi kama mara moja na nusu, rudisha dukani.

Fyuzi kwenye chanya, karibu na betri kadri inavyowezekana, ya 125 au 150 kwa inveta ya wati 1000 na waya wa 35. Fyuzi inalinda waya, hailindi inveta, watu wanachanganya hapo. Na kwa lithiamu usiweke fyuzi yoyote tu, ikipigwa shoti ile betri inaweza kutoa maelfu ya ampia, fyuzi za aina ya MEGA uwezo wake wa kukata ni kama 2000, ANL ya kweli ni 6000, na Class T ni 20,000. Mimi nimeweka Class T, ilinigharimu na kuitafuta pia kulinisumbua, ila inakaa sentimita chache kutoka mahali tunapolaza vichwa kwa hiyo sikubishana na bei. Saketi breka ya nyumbani ya AC usiiweke upande wa betri hata kama imeandikwa ampia 100. Umeme wa AC wa 50Hz unapita sifuri mara 100 kwa sekunde ndo maana breka inaweza kuukata, wa DC haupiti sifuri, moto unaweza kuendelea kuruka ndani ya breka mpaka iyeyuke.

Sasa tuje kwenye chenji ova, yaani swichi ya kuchagua kati ya inveta na umeme wa nje, maana hapa ndo nimekutana na mambo ya ajabu zaidi kwenye magari ya watu.

Inveta na umeme wa Tanesco havitakiwi kukutana. Hata sekunde moja. Mawimbi yake hayaendi pamoja, na inveta ya kawaida ikirudishiwa umeme kwenye mdomo wake wa kutolea inakufa pale pale na mara nyingi haitengenezeki. Kuna fundi alinishauri nitengeneze waya wenye plagi dume pande zote mbili, upande mmoja nachomeka kwenye inveta mwingine kwenye soketi yoyote ya ndani, "kaka soketi zote zinawaka, rahisi tu". Zinawaka kweli. Ila siku ukisahau ukachomeka na umeme wa nje inveta imekwenda, na mbaya zaidi ukichomoa upande mmoja una meno ya chuma mkononi yana 230 na mtoto yuko pembeni anaangalia. Hapana.

Njia rahisi kabisa kuliko zote, ambayo nampa kila mtu asiye na hela ya ziada, ni plagi moja. Soketi zote za ndani ya gari zinaishia kwenye waya mmoja wenye plagi moja ya kawaida ya meno matatu. Ukitaka inveta unaichomeka kwenye inveta, ukitaka umeme wa nje unaichomeka kwenye ekstensheni. Plagi moja haiwezi kuwa sehemu mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo hakuna namna ya kukosea. Haipendezi kwa macho ila haijawahi kuunguza inveta ya mtu.

Mimi nina swichi ya kuzungusha yenye I, 0 na II, zile wanazotumia watu wa jenereta, mwenye duka la vifaa vya umeme ukimwambia chenji ova ndogo ya ampia 32 au 63 anakuelewa. I ni inveta, II ni nje, 0 katikati hakuna kitu, na hiyo 0 ndo ya muhimu kwa sababu lazima iachie huku kabla ya kushika kule. Hakikisha ni ya poo mbili, yaani inakata laivu na nyutro kwa pamoja. Fundi mmoja akasema nyutro ya nini kukatwa, nyutro haina umeme. Kwa nyumba iliyofungwa sawa labda, ila sisi tunapaki wapi? Ukienda Lushoto au Pangani huko kwenye kambi nyingi hakuna zile nguzo zenye plagi ya bluu kama Ulaya, unapewa ekstensheni inatokea dirishani jikoni, nani anajua kule mwanzo laivu na nyutro ziko upande gani au kama ethi ipo. Kile kipimo cha soketi chenye taa tatu kinauzwa bei ya soda kadhaa tu, kinakaa kwenye droo yangu, kabla sijachomeka gari nakichomeka chenyewe kwanza. Kikisema ethi hakuna, siunganishi gari, nabaki na sola yangu. Na kama ekstensheni ni ya kuviringisha ivute yote mpaka mwisho hata kama gari iko mita mbili kutoka mlangoni, ikibaki imeviringwa alafu ikabeba mzigo mkubwa inapata joto mpaka plastiki inalainika.

Kuna za kujibadilisha zenyewe, kontakta (swichi inayovutwa na sumaku ya umeme) ambayo koili yake inashikwa na umeme wa nje, umeme ukija inaruka kwenda II ukikatika inarudi I, laptop haioni hata tofauti. Nzuri, lakini mimi sikuipenda kwa gari, maana umeme wa ekstensheni ndefu jioni watu wakipika volti inashuka inapanda, kontakta inakaa inagonga ta ta ta, na kingine unasahau kabisa kwamba inveta bado imewaka inakunywa Ah zako kimya kimya.

Halafu chaja. Hii inachekesha lakini nimeiona kwa macho yangu, chaja ya betri imechomekwa kwenye soketi za ndani, soketi zinalishwa na inveta, inveta inalishwa na betri. Betri inajichaji yenyewe! Kila mzunguko unapoteza sehemu, mwenye gari anashangaa betri mpya inaisha mapema mbona. Chaja iunganishwe upande wa nje, kabla ya chenji ova, ili ipate umeme pale tu ekstensheni inapokuwa imechomekwa.

Sasa ethi, na hapa naomba usisome haraka. Umeme wa gridi nyutro yake imefungwa na ethi huko inakotoka, ndo maana RCD ya 30mA inaweza kugundua umeme ukivujia kwenye mwili wa mtu na kukata. Inveta nyingi ndogo mdomo wake unaelea, hakuna waya wowote uliofungwa na ethi, kwa hiyo RCD yako nzuri uliyoinunua inakaa tu kama pambo. Kama kitabu cha inveta yako kinaruhusu, nyutro inafungwa na ethi kwenye inveta yenyewe, kabla ya chenji ova, na ethi inaenda kwenye bodi ya gari mahali palipokwanguliwa rangi. Ukizungusha kwenda II ule muungano unabaki nyuma, na ndo sababu nyingine ya kukata poo zote mbili. Waya wa ethi haupiti kwenye swichi yoyote, unaenda moja kwa moja. Zile inveta za bei rahisi za wimbi la ngazi, ambazo umeme wake unapanda na kushuka kwa ngazi badala ya wimbi laini, usizifanyie hivyo, nyingi matundu yake yote mawili ya kutolea yana umeme ukilinganisha na bodi ya gari, ukifunga nyutro na bodi unasikia mlio na harufu. Kwa hizo acha ielee na chomeka kifaa kimoja kwa wakati. Hizo hizo pia ndo zinafanya feni ingurume na blenda ipate joto, chaja za laptop mara nyingi hazijali.

Na kuhusu wati, haya. Betri ya Ah 100 mara nyingi BMS yake mwisho ni ampia 100. Inveta ya 1000 inavuta 95, inakaa ndani. Ukifunga ya 2000 alafu ukachomeka birika la wati 2000 unaomba ampia 190, BMS inakata kabla maji hayajapata hata uvuguvugu. Kwa hiyo anayetaka ya 2000 aanze na betri mbili sambamba na waya wa milimita 70, au anunue mtungi mdogo wa gesi achemshe chai kwa raha zake, mimi ndo nilichofanya. Pasi ya wati 1000 inapita kwa shida shida, shemeji yenu anaitumia gari ikiwa inatembea ili chaja ya alternata isaidie, sipendi lakini nimenyamaza.

Inveta yenyewe usiifiche mahali pasipo na hewa. Haisi injini yake iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo nyuma tu ya pale kuna joto, na inveta ikiwa na joto inajipunguza yenyewe au inazima. Vumbi nalo, feni yake inavuta kila kitu cha barabarani. Yangu iko nyuma juu ya ubao, imesimama wima, na kuna kitambaa cha neti mbele ya tundu la hewa ambacho nakung'uta.

Ukimaliza kufunga yote usisafiri kesho yake. Paki nyumbani, chomeka mzigo mkubwa kama drayer ya nywele ikiwa kwenye kiwango cha chini, iache dakika kumi, zima mzigo kwanza, alafu inveta, kata swichi kubwa, ndo uguse kila kiungo kwa mkono, lagi (vile vichwa vya mwisho wa waya) moja moja, fyuzi pande zote mbili, bolti ya kwenye bodi. Kiungo chenye joto kuliko waya wake kimebanwa vibaya, hasa kama fundi alitumia nyundo badala ya ile mashine ya kubania ya haidroliki. Fungua, safisha, bana upya, rudia. Na baada ya barabara ya kwanza ya matuta pitia nati zote tena na spana, huwa zinalegea.